Maumivu ya Kifua na ya Matiti

Leo nimekuja kusema nanyi juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba, nalo ni maumivu ya kifua, pamoja na maumivu ya matiti. Nimeyaweka pamoja kwa sababu mahali pao ni pamoja, na tena kwa sababu watu huyachanganya. Mtu huweka mkono kifuani akasema, "Hapa panauma," lakini ukimwuliza kama panauma nje au ndani, hawezi kujibu.

Kabla ya kueleza sababu zake, nitawapa kisa kilichotokea katika nyumba yetu wenyewe. Kijana wetu mmoja, mtoto wa kaka yangu, aliamka usiku akipiga kelele, ameshika ubavu wa kushoto. Kila alipovuta pumzi alisema anachomwa kisu. Nyumba nzima iliamka. Wengine walisema ni moyo, wengine wakasema amelogwa, na kabla ya mapambazuko tulikuwa tumempakia juu ya baiskeli kumpeleka hospitali. Mganga alimpima homa, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akaweka kidole kimoja juu ya ubavu, akabonyeza. Kijana akaruka. Mganga akamwuliza, "Jana ulifanya kazi gani?" Akajibu ya kuwa alishinda akipakia magunia ya mahindi katika gari. Mganga akasema, "Basi ni nyama za mbavu zimeshtuka. Nenda kapumzike." Baada ya siku tano kijana alikuwa akicheza mpira.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Aliyemchemshia maji kijana yule usiku ule, na aliyefuata baiskeli kwa miguu mwendo wa saa mbili, alikuwa shangazi yangu. Naye, ndani ya titi lake la kulia, alikuwa na kivimbe kigumu kama gololi. Hakikumwuma hata kidogo, na kwa kuwa hakikumwuma, hakumwambia mtu. Alikificha mwaka mzima. Alipokuja kusema, ngozi ya titi ilikuwa imekuwa kama ganda la chungwa, na kwapani mlikuwa na tezi ngumu. Waganga walifanya yote waliyoweza, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha tembea mwilini. Tulimzika.

Basi hapo ndipo ninapotaka kuanza. Usiku ule, katika nyumba moja, maumivu yaliyopiga kelele hayakuwa na hatari, na hatari yenyewe haikupiga kelele. Watu wengi hupima ugonjwa kwa ukali wa maumivu, kama mtu apimaye mzigo kwa ukubwa wa gunia asiuinue. Lakini gunia la pamba ni kubwa na ni jepesi, na kipande cha risasi ni kidogo na ni kizito. Hapana budi tujifunze kupima kwa njia nyingine.

Lugha yetu wenyewe hutudanganya kidogo katika jambo hili. Mtu akitaka kutapika, husema, "Moyo umenichafuka," lakini uliochafuka ni tumbo. Mahali pale chini ya mfupa wa kifua, tumbo linapoanza, twapaita chembe cha moyo, wala moyo haupo pale. Na neno kifua lenyewe lina maana nyingi: mtu akisema, "Nina kifua," yamkini ana kikohozi, au mafua yaliyoshuka, au pumu. Kwa hiyo mgonjwa akimwambia mganga, "Moyo unaniuma," mganga mwenye busara hajibu neno mpaka amwulize, "Nionyeshe kwa kidole."

Fikirini kifua kama nyumba yenye vyumba kadha wa kadha. Kuna ukuta wa nje, ndio ngozi, nyama na mbavu. Ndani kuna mapafu mawili, kulia na kushoto. Katikati, umeelekea kidogo upande wa kushoto, umo moyo. Nyuma ya moyo unapita umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni. Na juu ya ukuta wa nje yako matiti. Kilio kikisikika katika nyumba, kwanza twauliza kimetoka chumba gani. Haya, tuingie chumba kwa chumba.

Kwanza ni ukuta wenyewe. Maumivu mengi ya kifua, hasa kwa vijana na kwa watu wa kazi, hutoka hapa. Mtu aliyelima siku nzima, au aliyetwanga, au aliyepasua kuni, au aliyekohoa juma zima, hushtua nyama zilizo kati ya mbavu. Tena pale mbavu zinapoungana na mfupa wa kifua kuna gegedu, nazo gegedu hizo huweza kuvimba na kuuma. Dalili yake ni hii: maumivu yana mahali pake, nawe waweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, ukibonyeza pale, huongezeka, ukigeuka au ukiinua mkono, huongezeka pia. Dawa yake ni kupumzika, kitambaa cha maji ya moto yasiyochoma, na vidonge vya kutuliza maumivu. Katika ukuta huu pia hutokea ule ugonjwa uitwao mkanda wa jeshi. Huanza kwa kuwaka moto upande mmoja wa kifua, na baada ya siku chache hutoka malengelenge yaliyojipanga kama mkanda wa askari. Huo si uchawi, wala si nyoka aliyepita juu ya mtu. Ni vijidudu vile vile vya tetekuwanga, ambavyo hulala katika mishipa ya fahamu miaka mingi, kisha huamka mwili unapopungukiwa nguvu. Mwenye kuupata na aende kwa mganga siku zile zile za kwanza, kwa kuwa dawa yake hufaa sana ikitumiwa mapema.

Chumba cha pili ni mapafu. Mapafu yenyewe hayana fahamu nyingi ya maumivu, lakini yamefunikwa na utando mwembamba, na utando huo ukivimba huchoma sana mtu anapovuta pumzi. Ndicho kichomi. Kichomi pamoja na homa, kutetemeka, kikohozi na kutweta, huenda ikawa homa ya mapafu, nao ni ugonjwa unaoua watoto wadogo wengi. Ninyi akina mama, na ninyi vijana mnaolea wadogo zenu, jifunzeni jambo moja: kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, tazameni kifua chake kinavyoinuka na kushuka, mkahesabu kwa muda wa dakika 1 kamili. Mtoto wa miezi 2 hata kabla ya kutimiza mwaka, akipumua mara 50 au zaidi katika dakika hiyo, au mtoto wa mwaka 1 hata kabla ya kutimiza miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, huyo na apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Na mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi 2, akiugua kifua hata kidogo, asingojewe kabisa. Tena mkiona nyama iliyo chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, msingoje hata jua lichwe.

Katika chumba hiki hiki hukaa kifua kikuu. Mwaka 1882, mjini Berlin, mganga Mdachi jina lake Robert Koch alitangaza ya kuwa amekiona kijidudu chake. Tangu siku ile hakuna tena sababu ya kusema ya kwamba kifua kikuu ni laana ya ukoo. Ni kijidudu kitokacho katika pumzi na kikohozi cha mgonjwa, kikaingia katika pumzi ya mwenziwe, hasa katika vyumba visivyo na madirisha. Kikohozi cha majuma 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na makohozi yenye damu, hizo ndizo dalili zake. Wakati wa Koch dawa haikuwako. Leo iko, na katika hospitali za serikali za nchi zetu hutolewa bure. Mgonjwa wa kawaida huimeza muda wa miezi 6. Kosa kubwa la wengi ni kuiacha baada ya miezi 2, mara waonapo nguvu zimerudi. Hilo ni sawa na kuzima moto wa majani ukaacha makaa: upepo ukivuma, huwaka tena, na safari hii dawa ya kwanza haiuzimi.

Yako na mengine ya mapafu. Pumu hukaza kifua, na pumzi hutoka kwa mlio kama filimbi. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na tundu la kutolea moshi huharibu mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni, na tumbako huharibu ya baba. Tena mtu aliyelala kitandani siku nyingi, au aliyepasuliwa, au mama aliyejifungua karibuni, akivimba mguu mmoja, kisha akashikwa ghafula na kichomi na kutweta, yamkini damu imeganda mguuni na donge lake limepanda mapafuni. Huyo akimbizwe hospitali saa ile ile.

Chumba cha tatu ni moyo, nacho ndicho watu wakiogopacho kuliko vyote. Moyo ni nyama ifanyayo kazi usiku na mchana, nayo inahitaji damu yake yenyewe, inayoletwa na mishipa midogo iliyouzunguka. Mishipa hiyo ikiwa myembamba kwa sababu ya mafuta yaliyoganda ndani yake, mtu akipanda mlima husikia kifua kinabanwa, na akisimama hupata nafuu. Hilo ni onyo, asilidharau. Mshipa ukiziba kabisa, sehemu ya moyo huanza kufa. Maumivu yake si ya kuchoma kama sindano, wala mtu hawezi kuyaonyesha kwa kidole kimoja, huweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua, akasema, "Kama jiwe limeniangukia." Huenea katika mkono, aghalabu wa kushoto, au shingoni, au katika taya, au mgongoni. Jasho jembamba humtoka, hutweta, hutapika, na hofu kuu humwingia. Hayapungui kwa kupumzika, wala kwa kukaa namna nyingine. Mtu wa namna hii asitembezwe kwa miguu, wala asingojewe "tuone kesho." Na apate gari, kwa gharama yo yote, kwa kuwa kila saa inayopita nyama ya moyo inazidi kufa. Tena fahamuni ya kuwa wanawake, wazee, na wenye kisukari, mara nyingine hawapati maumivu makubwa: hutweta tu, huchoka ghafula, au husikia kichefuchefu. Wanaokaribiwa zaidi na ugonjwa huu ni wavutao tumbako, wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, na wanene wasiofanya kazi za mwili.

Kwa watoto na vijana iko njia nyingine ya kuharibu moyo, nayo huanzia kooni. Mtoto huumwa koo, hupona, na baada ya majuma machache viungo vyake huvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Wazee husema ni baridi. Lakini ugonjwa huo huweza kula milango ya moyo, na baada ya miaka kijana hutweta akipanda ngazi. Basi koo ya mtoto inayouma pamoja na homa na itazamwe na mganga, maana dawa ya siku chache huweza kuokoa moyo wa maisha.

Chumba cha nne ni umio na tumbo. Hapa ndipo penye kiungulia. Maji makali ya tumbo, yaliyowekwa kuyeyusha chakula, yakipanda juu katika umio huunguza, na mtu husikia moto nyuma ya mfupa wa kifua na uchungu kinywani. Huja baada ya kula kushiba mno, au kula pilipili na mafuta mengi, au kulala mara baada ya kula. Mama mjamzito hupata sana, kwa kuwa mtoto husukuma tumbo juu. Dawa yake ni kula kidogo kidogo, kula mapema kabla ya kulala, kuinua kichwa cha kitanda, na kuacha tumbako na pombe. Lakini angalieni: wako wazee waliokufa kwa ugonjwa wa moyo huku wakinywa maji ya magadi, wakidhani ni kiungulia. Mtu mzima asiyekuwa na kiungulia maisha yake, akishikwa nacho ghafula pamoja na jasho na kutweta, na ahesabiwe kuwa ni mgonjwa wa moyo mpaka mganga aseme sivyo.

Tena iko sababu isiyo na chumba, nayo ni wasiwasi. Mtu mwenye msiba, au deni, au mwanafunzi anayengoja mtihani, huweza kusikia moyo unakwenda mbio, kifua kinakaza, vidole vinakufa ganzi. Maumivu hayo ni ya kweli, wala hayafanyi kwa kujisingizia. Mwambieni akae, avute pumzi polepole, nanyi mkae naye. Lakini msiwe wepesi kusema "ni mawazo tu" kabla mganga hajamtazama.

Sasa nakuja kwa matiti. Najua ya kuwa wengine katika baraza wataanza kukohoa na kutazama chini. Nawasihi mvumilie, maana ndipo aliponyamaza shangazi yangu.

Maumivu mengi ya matiti si ugonjwa wa hatari. Msichana na mwanamke huweza kuumwa matiti yote mawili siku chache kabla ya hedhi. Huwa mazito na yenye kuuma yakiguswa, na damu ikianza kutoka maumivu hupungua. Mwenye mimba changa hupata vivyo hivyo. Haya hutokana na mabadiliko ya homoni, yaani zile nguvu za damu zinazotawala uzazi. Kitambaa cha kufunga vizuri, kisichobana, na vidonge vya maumivu vyatosha. Nanyi wavulana msicheke: mvulana anapobalehe huweza kuota kidonge kidogo chini ya chuchu, kikauma akiguswa na mpira. Wengi hudhani wamekuwa wanawake, wakaona aibu hata kuoga mtoni. Si kitu, ni kubalehe tu, na kwa kawaida hupotea chenyewe katika muda wa mwaka au miwili.

Mama anyonyeshaye ana taabu zake. Siku za kwanza maziwa hujaa hata titi likawa gumu kama jiwe. Dawa yake ya kwanza ni mtoto mwenyewe: anyonye mara nyingi, mchana na usiku. Chuchu ikipasuka, mara nyingi ni kwa sababu mtoto hunyonya ncha tu. Na ashike kinywani si chuchu peke yake, bali na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Titi likiwa jekundu upande mmoja, la moto, lenye kuuma, na mama akishikwa na homa, hapo maziwa yamekwama na huenda vijidudu vimeingia. Watu wengi humwambia aache kunyonyesha. Sivyo. Kuacha ndiko kunakoleta jipu. Na aendelee, na kinachobaki akikamue, na aweke kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha. Asipopata nafuu katika siku 1, aende dispensari apewe dawa. Usaha ukikusanyika, lazima utolewe na mganga kwa sindano au kwa kupasua kidogo, wala si kwa wembe wa nyumbani. Ila mama mwenye virusi vya UKIMWI na amwulize mganga wake kwanza juu ya titi lililo gonjwa.

Na saratani je? Saratani ya titi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote duniani. Desturi yake ni kuanza bila maumivu, nalo ndilo linalowadanganya watu. Hizi ndizo dalili zake: kivimbe kigumu ndani ya titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani, damu itokayo katika chuchu, kidonda kisichopona, au titi moja lililobadilika umbo. Mwanamume pia ana nyama ya titi, naye huweza kuupata ugonjwa huu, ingawa ni kwa nadra. Sitaki kuwatia hofu bure: vivimbe vingi, hasa vya wasichana, si saratani. Lakini hapana mtu awezaye kujua kwa kukisia, wala kwa kuota ndoto, wala kwa kumwuliza jirani. Mganga hutazama, hupima, huchukua kipande kidogo kwa sindano, na jawabu hutoka. Kivimbe kikionekana kingali kidogo, huweza kuondolewa na mama akaishi kulea wajukuu. Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wadachi mwishoni mwa karne ya 19, leo hutibiwa wagonjwa wa saratani kwa mionzi na kwa dawa. Wanaofika mapema ndio wanaofaidi zaidi.

Sisemi kwa dharau juu ya dawa za wazee. Ziko zilizo njema. Lakini kuchanja chale juu ya kivimbe hakukiondoi, kuumika chuku hakufiki moyoni, na kukanda titi kwa kitu cha moto huunguza ngozi tu. Hasara yake kubwa ni siku zinazopita.

Nitawapa kisa cha pili, nacho ni cha mbali. Zamani mganga alipotaka kusikiliza moyo, aliweka sikio lake juu ya kifua chenyewe cha mgonjwa. Mwaka 1816, katika mji wa Paris, Ufaransa, mganga mmoja jina lake René Laennec aliletewa mwanamke kijana aliyeonekana kuugua moyo. Laennec hakuona vema kuweka sikio juu ya kifua cha bibi yule, na tena kwa unene wake asingesikia kitu. Akachukua karatasi, akaikunja kama bomba, upande mmoja akauweka kifuani mwa mgonjwa na upande wa pili sikioni mwake. Akastaajabu, maana alisikia mapigo ya moyo vizuri kuliko alivyopata kusikia kwa sikio tupu. Baadaye akatengeneza bomba la mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyasikia. Ule mpira waganga wanaouvaa shingoni ni mtoto wa karatasi ile. Laennec mwenyewe alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu, maradhi aliyoyasikiliza katika vifua vya wengine, maana wakati ule dawa haikuwako. Basi angalieni: haya yake haikumfanya amwache mgonjwa, ilimfanya atafute njia ya kumsikiliza huku akimheshimu. Sisi nasi tuna haya, na haya ni jambo jema. Lakini haya na itutafutie njia, isitufungie mlango. Mama akiona haya kwa mganga mwanamume, na aombe kutazamwa na mwanamke, au aingie na dada yake au mumewe. Nanyi waume, mkeo akikuambia, "Nimeona kitu katika titi langu," usimwulize nani atapika kesho. Mtafutie nauli.

Ninyi wanafunzi nawapa kazi. Mtu wa nyumbani kwenu akienda hospitali kwa maumivu ya kifua, chukueni karatasi mkamwandikie majibu ya maswali manne. Yako wapi, na yanaenea wapi? Ni ya namna gani: ya kuchoma, ya kubana, au ya kuunguza? Yalianza lini, na ni kitu gani kinachoyazidisha au kuyapunguza? Yamekuja pamoja na nini: homa, kikohozi, jasho, kutweta, kuvimba? Karatasi hiyo humsaidia mganga kama mwenge gizani, hasa ikiwa mgonjwa ni mzee anayesahau.

Na haya ndiyo yasiyongoja hata kesho: kifua kinachobanwa kama kwa jiwe, pamoja na jasho au kutweta, kutema damu, kuzirai, mtoto apumuaye mbiombio, kichomi pamoja na homa kali. Na haya ndiyo yasiyongoja juma lipite: kikohozi cha majuma 2, kivimbe cho chote katika titi au kwapa, kiume kisiume.

Nimebakiwa na neno moja. Katika lugha yetu, mtu asiyetoa siri husifiwa ya kuwa ana kifua, na mropokaji twasema hana kifua. Shangazi yangu alikuwa na kifua. Siri za ukoo mzima zilikaa kwake, na hapana hata moja iliyotoka. Lakini siri ile ya mwisho haikuwa ya kuwekwa. Wazee wamesema, mficha maradhi kifo humwumbua. Basi siri za watu ziwekeni vifuani mwenu, lakini siri ya kifua chenyewe mwambieni mganga, na mwambieni mapema.

Kwaherini.